Samaki Wakifa Bwawani, Tuulize Kabla ya Kutibu



Wapenzi wasomaji, juma hili tunazungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona ni la wafugaji peke yao, ilhali linagusa chungu cha kila nyumba. Ni maradhi ya samaki wanaofugwa katika maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, na hasa yale maradhi mapya yanayozuka pasipo watu kuyajua. Siku hizi familia nyingi za bara ya Kwale, Kilifi na Taita Taveta zina bwawa nyuma ya nyumba, na aghalabu anayelilisha na kulilinda bwawa hilo ni mama.

Tuanze na kisa cha jamaa yetu wenyewe. Shangazi yetu mmoja anaishi bara ya Kwale. Yeye na wanawake wenzake wa chama walichimba mabwawa mawili, wakatia vifaranga vya perege, au tilapia kama wengi wetu tumwitavyo. Fedha zilitoka katika akiba ya chama na mkopo mdogo. Kila mmoja alikwisha kuyapangia mavuno yale: huyu karo ya mtoto, huyu bati la nyumba, huyu deni la dukani. Alfajiri moja, baada ya sala, shangazi alikwenda kulisha akakuta samaki wapatao arubaini wameelea matumbo juu, na waliosalia wakitweta kwenye uso wa maji.

Habari ilienea kabla jua halijapanda, na kila aliyefika alifika na jibu lake. Mmoja alisema ni sumu, na macho ya watu yakageuka kumtazama jirani ambaye chama kiligombana naye juu ya mfereji wa maji. Mwingine alisema ni husuda. Wa tatu alisema ni maradhi mapya yaliyoingia nchini, akashauri dawa. Duka la dawa za mifugo likawauzia poda ya antibiotiki iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku, na muuzaji asiulize hata swali moja. Poda ikamwagwa bwawani. Kesho yake wakafa samaki wengi zaidi.

Siku ya tatu alifika afisa wa uvuvi. Hakuja na dawa, alikuja na maswali. Samaki wanakufa saa ngapi? Wanaotangulia ni wakubwa au wadogo? Jua likipanda, walio hai huchangamka? Vyura na wadudu wa majini nao wamekufa? Mbolea ya kuku ilitiwa lini, na kiasi gani? Mbingu zilikuwaje juma lililopita? Majibu yakatoka moja baada ya jingine: wanakufa alfajiri; wakubwa ndio wa kwanza; ifikapo saa nne walio hai huonekana wazima; vyura wanaruka kama kawaida; mbolea ilitiwa magunia kwa magunia ili maji yashibe; na mbingu zilitanda mawingu siku tano mfululizo. Maji yenyewe yalikuwa ya kijani kizito mithili ya mchicha uliosagwa. Afisa alilala kijijini, na saa kumi na moja alfajiri akatumbukiza kipimo cha oksijeni. Kilisoma karibu na sifuri.

Mimea midogo inayofanya maji yawe ya kijani hutoa oksijeni mchana kwa nuru ya jua, lakini usiku nayo huivuta oksijeni ile ile. Mbolea na chakula kilichobaki, vinapooza chini ya bwawa, huivuta pia. Mawingu yakizuia jua siku kadhaa, kinachotolewa mchana hakitoshelezi kinachotumiwa usiku, na kabla ya mapambazuko samaki hubaki hawana cha kuvuta. Wakubwa hutangulia kwa kuwa mahitaji yao ni makubwa. Chama kiliacha kulisha kwa siku chache, kikakomesha mbolea, kikatoa maji ya zamani na kuingiza mapya, kikapunguza idadi ya samaki. Vifo vikakoma. Haikuwa sumu, wala haikuwa maradhi.

Hasara iliyobaki ni fedha za dawa, mavuno kucheleweshwa ili dawa ile iishe mwilini mwa samaki, na safari ya shangazi kwenda kumwomba jirani radhi. Hiyo ya mwisho, alituambia, ndiyo iliyomtoa jasho kuliko zote.

Mauti yana sura moja, sababu zake ni nyingi

Kisa hiki si cha kijiji kimoja. Mnamo Novemba 2022, samaki wengi wa kufugwa katika vizimba walikufa upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, na wenye mali wakahofia sumu. Uchunguzi wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ulionyesha kuwa oksijeni ndani ya maji ilikuwa imeshuka mno. Samaki aliyekufa kwa kukosa hewa, aliyekufa kwa sumu na aliyekufa kwa virusi, wote huelea vivyo hivyo.

Lakini tusije tukadhani kwamba kila kifo ni cha hewa. Maradhi mapya yapo, na bara letu la Afrika limekwisha kuyaonja. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Ghana, kwenye Ziwa Volta, ambako perege hufugwa kwa wingi katika vizimba vya nyavu.

Mwishoni mwa mwaka 2018, wafugaji wa huko waliona vifo vya namna isiyo ya kawaida. Mashamba mengine yalipoteza zaidi ya nusu ya samaki wao. Waliougua walibadilika rangi wakawa weusi, wakaogelea ovyo bila mwelekeo, matumbo yakavimba kwa maji. Kati ya Oktoba 2018 na Februari 2019, wachunguzi walichukua samaki wazima na vifaranga kutoka mashamba mawili. Hawakukimbilia kutaja jina la ugonjwa. Kwanza walikata vipande vyembamba vya viungo vya samaki waliokuwa taabani lakini wangali hai, wakavitazama kwa hadubini, wakaona chembe za mwili zimeharibika kwa namna ambayo kwa kawaida huachwa na virusi. Kisha wakatumia hadubini ya elektroni, iliyo na nguvu kupita ya kawaida, wakaviona virusi vyenyewe. Mwisho wakasoma vinasaba vyake, wakavitambua: vilikuwa virusi vinavyoua chembe za bandama na figo, ambavyo kwa kifupi cha kitaalamu huitwa ISKNV. Virusi hivyo vilikuwa vikijulikana tangu miaka ya 1990 kwa samaki wa kufugwa wa China, lakini havikuwa vimepata kutajwa kuwa chanzo cha vifo vikubwa vya perege barani Afrika.

Mambo mawili katika uchunguzi ule yanafaa kukumbukwa. La kwanza, wachunguzi walipima pia virusi vingine vilivyoshukiwa, na havikuwamo. Kukanusha ni sehemu ya kuthibitisha. La pili, zilikuwapo sampuli zilizochukuliwa mashambani kabla ya msiba, nazo zilipopimwa hazikuwa na ISKNV. Lau sampuli zile za zamani zisingekuwapo, mtu angeweza kudai kwamba virusi hivyo vilikuwamo siku zote na havina hatia. Aliyeweka kumbukumbu siku za neema ndiye aliyesaidia siku za dhiki.

Ugonjwa mmoja, majina mawili

Kuna mfano mwingine unaoonyesha jinsi maradhi mapya yanavyoweza kujificha mbele ya macho ya wataalamu. Tangu mwaka 2009, perege wa kufugwa na wa ziwani nchini Israeli walianza kufa kwa wingi. Wataalamu wa huko waliona zaidi macho yaliyofunikwa na ukungu na damu iliyovilia kwenye ubongo, na mwaka 2014 wakatangaza kuwa wamepata virusi vipya. Mwaka huo huo, mbali sana, nchini Ekuador, wataalamu wengine waliandika juu ya perege wanaokufa kwa ugonjwa wa ini: chembe za ini zilikuwa zimeungana, nyingi zikawa kama moja kubwa. Huku ugonjwa wa macho na ubongo, kule ugonjwa wa ini. Ni nani angedhani kuwa ni kitu kimoja? Mwaka 2016, vinasaba vilipolinganishwa, ikabainika kwamba ni virusi vile vile, ambavyo leo huitwa virusi vya ziwa vya perege, kwa kifupi TiLV. Mwezi wa Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa tahadhari maalumu kwa nchi zinazofuga perege.

Hapa ndipo ugumu wa maradhi mapya ulipo. Kipimo cha PCR, ambacho wengi wetu tulikijua wakati wa korona, ni chepesi na ni kikali, lakini hujibu swali ulilokiuliza tu. Ukikiuliza kama ugonjwa fulani upo, kitakwambia ndiyo au la. Hakitakwambia habari za ugonjwa usioujua jina. Ndiyo maana mtaalamu bado anahitaji kutazama tishu kwa hadubini na kusoma nyayo za adui hata kabla ya kumwona sura.

Na hata kipimo kikisema ndiyo, kazi haijaisha. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa wamekuta alama za TiLV katika perege wa Ziwa Viktoria, pande za Tanzania na Uganda, wa kufugwa na wa ziwani. Lakini samaki hao hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Huko Ghana nako, mashamba mengine matano yalipopimwa Julai 2019, yote yalikuwa na ISKNV, penye vifo na pasipo vifo. Kuwapo kwa virusi mwilini si sawa na kuwa ndivyo vilivyoua. Na pengine kuna zaidi ya adui mmoja: katika Ziwa Volta bakteria walionekana mara nyingi pamoja na virusi, hasa katika samaki wakubwa. Mchunguzi mwadilifu ni kama kadhi: hamhukumu mtu kwa sababu tu alionekana mahali pa tukio, bali huusikiliza ushahidi wote.

Ngazi tatu za kuuliza

Wataalamu wa afya ya samaki huugawa uchunguzi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya bwawani: kutazama, kuhesabu, kupima maji. Ya pili ni ya maabara: kutafuta vimelea kwenye ngozi na matamvua, kuotesha bakteria na kuvu, na kutazama vipande vya viungo kwa hadubini. Ya tatu ni ya kutambua virusi na kusoma vinasaba. Ngazi hizi hazirukwi. Maabara iliyo bora kabisa haiwezi kumsaidia mfugaji aliyeleta samaki aliyeoza ndani ya mfuko usio na maelezo. Na ngazi ya kwanza iko mikononi mwetu, haihitaji shahada.

Weka daftari la bwawa. Andika tarehe vifaranga walipoingia na walikotoka, chakula ulichotoa, mbolea uliyotia, rangi ya maji, mvua na mawingu, na idadi ya waliokufa kila siku. Idadi husema mengi. Wakifa wengi kwa mkupuo alfajiri moja, shaka ya kwanza ni hewa. Wakianza wawili leo, watano kesho, kumi keshokutwa, shaka ya maradhi inazidi. Wakifa samaki, vyura na wadudu kwa pamoja, hapo ndipo pa kuuliza habari za sumu.

Watazame walio hai. Anayezunguka kama pia, macho yametoka na mwili umepinda, huenda ana bakteria wa jamii ya streptokoko. Mwenye nyuzi kama pamba mwilini huenda ana kuvu. Anayejisugua kwenye kingo za bwawa huenda ana vimelea. Tunasema huenda kwa makusudi, kwa sababu dalili moja huletwa na maradhi mengi. Kazi yetu ni kuieleza dalili kama tulivyoiona, si kuibandika jina.

Wakati wa kuwaita wataalamu, anza na afisa wa uvuvi wa kaunti au daktari wa mifugo wa serikali. KMFRI nayo ina makao yake makuu hapa Mombasa, na kituo cha ufugaji wa samaki wa maji baridi huko Sagana. Wasichukue samaki waliokwisha kuelea. Katika joto letu samaki hafiki mbali kabla ya kuanza kuoza, na bakteria wa uozo humvamia wakafunika ushahidi wa kweli. Anayefaa ni yule aliye mgonjwa lakini angali hai, asafirishwe ndani ya maji ya bwawa lake, mfuko ukiwa na hewa ya kutosha. Ikishindikana, alazwe juu ya barafu, wala asigandishwe, kwa kuwa kugandisha hupasua tishu. Pelekeni pia wawili watatu walio wazima, ili mchunguzi alinganishe. Mtaalamu mwenyewe atakata vipande vya ini, bandama, figo, ubongo na matamvua, vingine avitie katika fomalini kwa ajili ya hadubini, vingine katika spiriti kali ya maabara kwa ajili ya vinasaba.

Wakati mnasubiri majibu, msihamishe samaki, nyavu wala ndoo kutoka bwawa hili kwenda jingine, na msiuze vifaranga. Waliokufa watolewe mara moja, wazikwe mbali na maji. Na msinunue vifaranga vya bei ya kutupa visivyojulikana asili, maana maradhi mengi husafiri pamoja navyo. Wageni watengewe bwawa lao kwa majuma kadhaa kabla ya kuchanganywa.

Na dawa? Antibiotiki haiui virusi. Haileti oksijeni pia. Ikimwagwa ovyo hubaki katika nyama ya samaki, na huwafundisha bakteria ukaidi, hata siku mtoto akiugua dawa ile ile ishindwe kumsaidia. Dawa itolewe baada ya ugonjwa kujulikana, kwa kipimo cha mtaalamu, na siku za kungojea kabla ya kuvua zihesabiwe kwa uaminifu. Kumuuzia mwenzio samaki aliyelishwa dawa jana bila kumwambia ni hadaa, hata kama mizani ilikuwa sawa.

Je, jikoni kuna hatari?

Swali hili kina mama hutuuliza kila mara. TiLV na ISKNV ni maradhi ya samaki, havimwambukizi binadamu. Lakini baadhi ya bakteria wa samaki wanaweza. Mwaka 2015 nchini Singapore watu wengi waliugua, wengine vibaya, baada ya kula samaki wabichi wa maji baridi waliokuwa na aina moja ya streptokoko. Sisi samaki wetu humkaanga, humpaka au humpika mchuzi, na moto unaowivisha nyama mpaka mfupani huwaua bakteria hao. Aliye na jeraha mkononi avae glavu anapopaa samaki, na ubao wa kukatia uoshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

Wengine huuliza juu ya samaki aliyeokotwa ameelea. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, samaki aliyejifia majini si haramu kwa asili yake. Lakini dini iliyotuhalalishia imetutaka pia tule kilicho kizuri, na haikuturuhusu kujidhuru. Samaki usiyejua alikufa lini wala kwa nini hafai kuletwa mezani, wala kutupiwa bata na paka.

Shangazi yetu sasa ana daftari lenye jalada la bluu linaloning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Kila alfajiri, akishasali, huenda bwawani na kurudi kuandika. Mwezi uliopita aliona samaki watatu wenye madoa meupe mgongoni. Hakumwita muuza dawa, wala hakumtaja jirani kwa lolote. Alimpigia afisa simu akamsomea kurasa mbili za daftari, na jirani ndiye aliyewabeba samaki wale kwa pikipiki, wangali hai ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tunaongeza kwamba anayeyakisia naye hasalimiki. Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, atukinge na dhana mbaya, na atujaalie subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.